Mgomba Uliovaa Shati

Witeithie,
21 Aprili 2024

Kwako mjukuu wangu Emmaculate Nekesa,

Mimi niko. Magoti yapo, kuku wapo, isipokuwa yule mwekundu ambaye mwewe alimbeba mchana watu wazima wakiangalia. Wewe hujambo? Nauliza kwa ajili ya adabu tu, kwa maana mtu aliyekaa huko pwani tangu Januari bila kuandika hata mstari mmoja lazima ni mzima sana, anashiba samaki.

Usinieleze habari ya simu. Ulipoondoka ulijua masikio yangu yamefunga duka. Nikiweka simu sikioni nasikia nyuki ndani ya mkebe. Na Ciku, huyu mpangaji wangu wa chumba cha pili, akinisomea ujumbe wako, lazima apige kelele, ploti nzima inapata habari mpaka kwa Warigia ng'ambo ya ua. Nilienda ngumbaru nikiwa na mvi kichwani ili barua zangu nisome mwenyewe. Andika, utume na basi.

Mama yako alituma salamu kutoka Webuye. Amenenepa huko alikoolewa. Sikuuliza zaidi.

Mvua ya mwaka huu haina heshima. Imebomoa choo cha Warigia, na ule mgomba wa kaburini umechipuka tena. Nimekata machipukizi yote kwa panga kabla ya kwenda kanisani. Warigia akanichungulia juu ya ua. "Nafuna, si uache moja tu izae? Ndizi ni ndizi!" Nikamwambia apande zake. Kitu kinachotoka pale hakiingii kwa sufuria yangu.

Wewe ulikuwa mtoto wa kubebwa, hayo unayajua kwa kuambiwa. Watu wetu, mtu akichukuliwa na maji na asipatikane, tunazika gogo la mgomba mahali pake, ili yeye apumzike na sisi tupumzike. Gogo tu. Linakatwa juu ya ardhi, linaoza, yanaisha. Lakini Dismas, yule rafiki ya baba yako aliyekuwa naye siku ile mto Chania ulipojaa ukamchukua, kwa haraka na machozi yake ya ujana aling'oa mgomba na bonge lake la chini, akatia lote ndani ya sanduku. Sisi tukalivisha lile shati jeupe la baba yako la Jumapili, tukapigilia misumari bila kuangalia mara mbili. Sasa kila mvua kaburi linaota. Nakata. Panga ya kwanza iliisha makali, hii ni nyingine.

Funga mlango wako vizuri. Watu wa baharini siwajui.

Ni mimi kukhu wako,
Nafuna


Kitaruni, Kwale
12 Mei 2024

Kukhu mpendwa,

Mulembe. Nisamehe. Darasa la nne wako wengi kuliko madawati, nikirudi jioni mkono unakataa hata kushika kijiko. Lakini mimi ni mzima, na samaki kweli ninashiba. Nisalimie Ciku, na Warigia pole kwa choo.

Kijiji hiki ni kimya, Kukhu. Hapa mbwa akibweka watu wanatoka nje kuuliza kuna nini. Kwa hiyo ujue vile tumeshtuka, kwa sababu kuna mtu amekuja.

Hakuna aliyemwona akifika. Siku moja tuliamka tukakuta nyua zetu zote zimefagiliwa. Mchanga umelainishwa kama shuka, hakuna alama ya mguu hata moja. Anafagia akirudi kinyumenyume, ndiyo maana. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu mwalimu mkuu wetu, Mwangangi, akamkuta amelala katika darasa bovu la nyuma, lile lisilo na paa, na ufagio wa makuti ameukumbatia kama mtoto.

Ni mtu mzima, mwenye ndevu za kijivu. Haongei. Ukimwuliza jina anakuangalia mdomo, kama wewe ndiye utakayemwambia. Ukimpa chakula anapokea kwa mikono miwili, na kabla ya kukaa anavua kandambili zake anaziweka mlangoni zikiwa zimepinduliwa, soli juu. Watoto wanacheka, wazee wanakasirika, wanasema ni mkosi.

Mwanzo walidhani ni mwendawazimu wa kawaida. Sasa wanaongea kwa sauti ya chini. Bahari hapa imechukua watu wengi, na kila nyumba ina wake ambaye hakurudi. Jirani yangu Mwanakombo, ambaye mwanawe Bakari alikwenda kuvua akapotea, amesema huyo mtu anakohoa kama Bakari. Ameanza kupika chakula cha watu wawili. Mwingine anasema ana mabega ya mumewe. Hata wanaume wamebadilika, wanapita mbali na lile darasa, na jioni milango inafungwa mapema.

Mimi siogopi. Nimekuandikia tu kwa sababu ni habari.

Mjukuu wako,
Ema


Witeithie,
26 Mei 2024

Emmaculate,

Barua nimeipata. Hatujambo. Kuku ameangua.

Sasa nisikilize vizuri. Wewe umeenda huko kufundisha watoto kuhesabu, hukuenda kuokota watu. Mwanaume asiye na jina, asiye na kabila, anayetembea uani kwako ukiwa umelala, halafu unaniandikia eti huogopi! Nani alikulea wewe? Usimpe chakula mlangoni kwako. Usimfulie nguo. Nunua kufuli ya maana, siyo zile za Kichina zinazofunguka ukizikoholea.

Na mambo ya viatu kupinduliwa ni tabia ya mtu asiyefunzwa. Hapa kwangu nilimchapa mtu kwa jambo hilo mpaka mkono ukauma, na hakuacha. Alikuwa anasema jongoo wataingia ndani. Kwa hiyo hata huko labda kuna jongoo. Watu wengi wanaogopa jongoo.

Nina maswali machache. Nauliza kwa ajili ya usalama wako tu. Hizo kandambili anazipindua zote mbili au moja? Akipewa chai, anapuliza kwanza, au anaimeza ikiwa moto kama aliyetumwa? Na kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kimenyooka au kimepinda?

Ukikosa nafasi usijibu. Sina haja sana ya kujua.

Na usinitumie picha. Najua nyinyi vijana. Nimemwambia Ciku, akifungua picha ya mwanaume yeyote mbele ya macho yangu atahama na godoro lake mchana huohuo.

Nafuna


Kitaruni
30 Juni 2024

Kukhu mpendwa,

Mulembe. Najua nimechelewa na najua utasema nini, kwa hiyo nimeshajisemea mwenyewe.

Shule imenichosha, na kijiji kimekuwa kizito. Mwanakombo alimchukua yule mtu kwake kwa nguvu. Akamnyoa ndevu, akamvisha kanzu ya Bakari, akamtembeza nyumba kwa nyumba. "Mwanangu karudi! Mwamwona? Si nilisema?" Lakini Kukhu, Bakari angekuwa na miaka yangu. Huyu angeweza kumzaa Bakari. Mwanakombo macho yake yana ukungu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Yule mtu alikaa naye kutwa moja, akala, akafagia uani, jioni akarudi kwenye darasa lake. Kanzu aliikunja akaiacha juu ya kitanda. Mwanakombo alilia mpaka tukasikia huku.

Basi wazee wakaitisha baraza. Wamesema hawawezi kuishi na mtu ambaye kila nyumba inamwona kuwa maiti wake. Ama apate mwenyewe wa kumdai, ama shule zikifungwa mwezi wa nane achukuliwe, apelekwe Mombasa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwanakombo akasimama akasema ni wake. Ndipo na mimi nikasimama, Kukhu. Sikupanga. Miguu ilisimama yenyewe. Nikasema huenda ni wa kwetu.

Mzee wa mtaa akaniuliza, "Mwalimu, wewe wamjua?" Nikasema mimi nilikuwa mdogo, lakini yuko anayeweza kumjua. Akasema, "Basi alete neno huyo aliyemzaa. Kwa kinywa chake. La sivyo, atamchukua Bi Mwanakombo, au gari la Mombasa."

Maswali yako. Anapindua zote mbili. Chai haipulizi. Kidole sikutaka kukuandikia, kwa sababu sijui kama ni jibu: hicho kidole hana. Kimekatika zamani, pamepona pakawa laini.

Jambo moja zaidi. Jumamosi nilikuwa nasahihisha madaftari kizingitini, yeye anafagia. Nikamwuliza kwa Kibukusu changu kibovu, kwenu ni wapi. Aliacha ufagio. Akajibu kwa Kiswahili, sauti kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. "Kwetu nina kaburi." Akaendelea kufagia.

Nimetuma picha kwa simu ya Ciku. Nikasirikie, lakini imeenda. Kukhu, nahitaji neno lako. Je, ni Tobias? Je, ni papa, baba yangu?

Ema


Witeithie,
21 Julai 2024

Emmaculate,

Tuko. Baridi ya mwezi huu imeingia kwenye mifupa na haitaki kutoka. Mjukuu wa Warigia ameolewa Ruiru, kwa harusi walipika mukimo wa kutosha kujenga ukuta, nikapewa sahani ndogo kama ya paka.

Picha ilifika. Sikuiona. Nilikuwa nimekaa napepeta maharagwe, Ciku akatoka chumbani na simu mkononi. Msichana huyu anaongea kama redio kutwa nzima, lakini siku hiyo alinitazama mimi, akatazama simu, akatazama ile picha ya kipaimara ya baba yako iliyo ukutani kwangu. Alienda akaanza kufua nguo ambazo alikuwa ameanua muda si mrefu, kavu na safi. Nami sikumwuliza. Ukiangalia picha umeshakubali kuna kitu cha kuangalia.

Dismas alikuja Jumapili kutoka Ruiru. Ana karakana ya pikipiki sasa, tumbo limetangulia mbele. Nilimpa chai nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza. Nikamwambia, "Wewe, siku ile kwenye mwamba pale maporomoko, vile viatu vyake mlivikuta vimekaa namna gani?" Akaweka kikombe chini. "Soli juu, mama. Vyote viwili. Vimepangwa vizuri." Nikasema, mtu aliyeteleza akaanguka hapangi viatu. Dismas akaanza kulia hapo mezani, mwanaume na tumbo lake, mpaka nikamfukuza aende akanawe.

Sasa nakueleza utaratibu. Sijasema ni wangu. Nakueleza tu ili usije ukafanya ujinga ukamweka kwa basi na kumleta hapa kama gunia la viazi.

Mtu aliyezikwa haingii kwa lango. Kaburi lenye jina lake likiwa limefungwa, akivuka hapo ama yeye ama aliyemzika anaanguka, na mwaka hauishi. Lazima kwanza waliolifunga walifungue kwa mikono yao, mchana, watoe gogo walitupe majini. Ua unabomolewa upande wa nyuma, apite hapo. Halafu aliyemzaa aite jina lake, na yeye aitike kabla hajatia mguu ndani. Asipoitika, haruhusiwi kuingia. Pasta amesema huo ni ushetani na akifanya mtu ataondolewa kwa ushirika. Nimemwambia mimi nilikuwa kwa ushirika yeye akiwa bado ananyonya.

Ule msalaba wetu uko karibu na barabara. Jina limeandikwa kwa rangi nyeupe, kubwa, mimi ndiye nilitaka liwe kubwa. Mtu yeyote akipita hapo, hata bila kufungua lango, anaweza kulisoma. Miaka yote hii watu wengi wamepita. Hilo ndilo nililotaka kusema na sitaki kusema zaidi.

Na huyo mama wa kanzu, mwambie asimguse tena. Mwambie pole kwa mtoto wake, mimi najua ilivyo. Lakini asimguse. Kidole kilikuwa kimepinda, mlango wa gari la kubebea mananasi ulikibana. Daktari alisema siku moja kitaharibika.

Hilo ndilo neno langu, wasomee wazee. Nakuja mwenyewe kama magoti yatakubali.

Nafuna


Kitaruni
18 Agosti 2024

Kukhu,

Mulembe. Barua yako ya Julai nimeipata leo. Ilikuwa imelala ofisi ya mizigo ya basi, Ukunda, chini ya magunia ya vitunguu, wakasema jina halikusomeka. Nimeisoma nimesimama barabarani.

Ameondoka, Kukhu. Jumatano tuliamka tukakuta nyua hazijafagiliwa. Hutaamini, watu walitoka nje wakatazama mchanga wenye nyayo zao wenyewe, na hakuna aliyefurahi. Gari la Mombasa lilikuja Ijumaa likarudi tupu. Mwanakombo bado anapika cha wawili. Anasema bahari imekirudia kitu chake.

Nitakuambia na hili kwa sababu nikinyamaza sitalala. Jumanne jioni alikuwa anafagia mbele ya mlango wangu. Nilikuwa nimengoja neno lako mpaka nikachoka. Nikamwita. "Papa." Hakugeuka. Lakini aliacha kufagia, akasimama na ufagio wake, mgongo kwangu, mpaka giza likamficha. Mimi nami sikuenda kumshika. Sijui kwa nini sikuenda.

Asubuhi kandambili zake zilikuwa mlangoni pangu. Soli juu. Ameenda miguu mitupu. Vijana wa bodaboda wanasema walimwona barabara kuu, anaelekea upande wa bara.

Nimekosea, Kukhu? Ni mimi nimemfukuza?

Ema


Witeithie,
8 Septemba 2024

Mjukuu wangu Ema,

Salamu nyingi. Koma kulia, utaharibu macho na hayo ndiyo yanakupa mshahara. Hukumfukuza. Mtu aliyeitwa husimama. Asiyehusika hupita.

Barua yako ilinikuta nimeshaanza. Sikungoja jibu lako, ningezeeka. Dismas alikuja na jembe na sururu, na kijana wake wa karakana mmoja, tukafungua mchana jua likiwa kali, Warigia amejishika kichwa upande wa pili. "Ngai! Nafuna, wewe ni mtu gani?" Nikamwambia alete maji ya kunywa badala ya kupiga kelele, na akaleta.

Nikuambie nilichoona, kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Sanduku lilikuwa limebaki misumari na vipande. Lile bonge la mgomba lilikuwa zima. Lilikuwa limenenepa huko chini kama mtu aliyelala, mizizi imejaa kila pembe, na shati bado liko, limegeuka rangi ya udongo. Mizizi ilikuwa imepita kwenye mikono yake na kutokea mwishoni. Dismas alirudi nyuma. Mimi ndiye nililivua. Vifungo vilikuwa bado vimefungwa, nilivifungua kimoja kimoja jinsi nilivyovifunga.

Bonge tumelitupa mtoni. Shati nimelifua. Usiniulize kwa nini. Liko kwenye kamba.

Sasa shimo liko wazi, na hilo ndilo linanikosesha raha, maana kaburi likifunguliwa halifungwi mpaka mwenyewe apite. Asipopita, litataka mwingine, na hapa mzee ni mimi. Ciku amelifunika kwa mabati asitumbukie kuku. Ua wa nyuma tumebomoa. Msalaba nimeung'oa nikaupasua, nikapikia githeri.

Hayo yalikuwa juzi. Kalamu nimeishika sasa kwa sababu ya leo.

Leo nimeamka, nimefungua mlango nikatupe maji, nikakuta uani kumefagiliwa. Kuanzia shimoni mpaka pale ua ulipobomoka. Udongo laini, hakuna hata alama ya kuku. Nikamwita Ciku nikamwuliza kama ni yeye. Ciku hajawahi kufagia hapo uani tangu ahamie, na leo ameapa kwa jina la mama yake. Amechungulia nje ya ua. Akarudi ameshika mdomo. Nimemwambia asiniambie ameona nini. Kama ni yule wa picha, au ni mlevi wa Juja amepotea njia, utaratibu ni mmoja.

Nimechemsha chai, iko moto, sijaipuliza. Nimevaa kitambaa changu cha kanisa. Kwenye barua hizi zote umeona jina lake sijaliandika, wala tangu liandikwe msalabani sijalitamka kwa mtu. Na hapa sitaliandika. Natoka sasa nikaliite.

Ila masikio yangu unayajua. Nimemwambia Ciku asimame karibu nami, ubavuni hapa, asiseme kitu. Akisikia mtu ameitika, anifinye mkono.

Kukhu wako,
Nafuna